Miaka Mingi ya Rungwe

Barabara ya kutoka Uyole, Mbeya, kwenda Tukuyu wilayani Rungwe hupita kwanza kwenye baridi ya Isongole, penye viazi mviringo na kabichi, kisha hushuka kuelekea Kiwira huku kijani kikizidi kukolea. Kushoto unasimama Mlima Rungwe, karibu mita 3,000, mara nyingi ukiwa umejifunika wingu. Kando ya barabara kuna migomba iliyozimeza nyumba, chai, ng'ombe wa maziwa bandani, na parachichi zilizopangwa mafungu kusubiri wateja. Msafiri hahitaji kuuliza ndipo asikie kuwa wazee wa huku wanaishi sana. Ataambiwa ndani ya Coaster, ataambiwa mezani, na sababu atapewa palepale: hewa safi, maji ya mlimani, ndizi na maziwa. Kwa mtu anayetoka Dar es Salaam, ambako afya siku hizi inauzwa kwa chupa za juisi ya mboga, makopo ya virutubisho na ada ya mwezi ya jimu, maelezo hayo yanavutia, kwa sababu yanaahidi kwamba siri ipo na inaweza kubebwa nyumbani kwenye kikapu. Nimerudi nikiamini jambo jingine. Kilichorefusha maisha Rungwe, na kitakachoyarefusha zaidi, hakiliwi wala hakinywewi na mtu mmoja kwa faida yake. Ni mambo ambayo jirani akiyaacha, nawe umeyakosa.

Macho ya mgeni yamekuwa yakidanganywa na nchi hii kwa muda mrefu. Mwaka 1879 Mskoti Joseph Thomson alipita huku Unyakyusa akitoka Ziwa Nyasa kwenda Ziwa Tanganyika, akaiandika kama nchi ya raha na utulivu isiyo na mfano katika safari yake. Wamisionari wa Kimoraviani walifika mwaka 1891, wakajenga chini ya mlima. Wajerumani nao wakahamisha boma lao kutoka ufukwe wa Ziwa Nyasa, wakalijenga huku juu kwenye ubaridi na kuliita Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo. Kila mmoja aliwaona watu wenye nguvu, mashamba yaliyolimwa vizuri na vyakula vya kila namna. Lakini mpita njia huwaona waliobaki hai tu. Mtoto aliyezikwa kabla ya kufikisha miaka mitano haonekani barabarani, na katika nchi yoyote isiyo na chanjo wala dawa ya malaria watoto wa namna hiyo walikuwa wengi mno. Wataalamu wa elimuwatu Michael Gurven na Hillard Kaplan walionyesha mwaka 2007 kwamba hata katika jamii za wawindaji na wakusanyaji, aliyevuka utoto alikuwa na nafasi nzuri ya kufika miaka sabini hivi. Kwa maneno mengine, wazee walikuwapo siku zote, kila mahali. Kuwaona wazee kijijini si ushahidi kwamba kijiji kina afya.

Ushahidi upo kwenye hesabu za taifa, nao hausemi lolote kuhusu ndizi. Sensa ya 1988 ilikadiria kuwa Mtanzania angetarajia kuishi miaka 50. Sensa ya 2002 ikakuta 51, yaani miaka kumi na minne ikatuongezea mwaka mmoja tu, kwa kuwa UKIMWI ulikuwa unachukua kwa mkono mmoja kile ambacho chanjo zilikuwa zinatoa kwa mwingine. Mkoa wa Mbeya, wenye barabara kuu ya kwenda Zambia na ile ya Malawi, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumizwa zaidi. Ilipofika sensa ya 2012, umri ulikuwa umeruka hadi 61. Katikati hapo, tangu mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure. Vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilikuwa 147 kwa kila watoto 1,000 katika utafiti wa 1999, na vilishuka hadi 43 katika ule wa 2022. Hewa ya Rungwe haikubadilika katika miaka hiyo. Migomba ni ileile. Kilichobadilika ni chandarua, chanjo, dawa mseto na kidonge cha kila siku, na vyote hivyo vina bajeti, maghala, magari na watumishi nyuma yake.

Watetezi wa siri ya kijiji wana jibu lao, nalo linastahili kusikilizwa. Watasema kwamba takwimu za taifa zinaficha maeneo maalumu, na kwamba duniani kuna sehemu zinazojulikana kwa wazee wa miaka mia: Okinawa ya Japani, Sardinia ya Italia, Nicoya ya Costa Rica, Ikaria ya Ugiriki, na jamii ya Waadventista wa Loma Linda, Marekani, ambazo mwandishi Dan Buettner alizitangaza kwa jina la maeneo ya buluu. Kwa nini Rungwe isiwe mojawapo? Shida ni kuhesabu miaka. Saul Newman, mtafiti aliyechambua rekodi za wazee wa namna hiyo, alionyesha kuwa Marekani, pale jimbo lilipoanza kutoa vyeti vya kuzaliwa kwa mpangilio, idadi ya wanaodaiwa kupita miaka 110 ilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Japani nayo, mwaka 2010, iligundua kuwa zaidi ya watu 230,000 walioandikwa kuwa na miaka mia na kuendelea hawajulikani walipo. Sisi umri wa wazee wetu tunaupima kwa vita, njaa na jina la aliyekuwa mtawala mama alipojifungua. Ni njia yenye heshima yake, lakini haiwezi kutenganisha miaka 85 na 100. Usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano kwa utaratibu mpya, ule unaofanyika kwenye zahanati na ofisi ya kata badala ya kumfuata msajili wilayani, ulizinduliwa hapahapa Mbeya mwaka 2013. Kwa hiyo watoto wa Rungwe watakuwa kizazi cha kwanza ambacho uzee wao utaweza kuthibitishwa bila ubishi. Uzee wa bibi zao tutauheshimu bila kuugeuza kuwa tangazo.

Ningeombwa nichague sehemu moja tu ya kueleza afya ya wilaya hii, nisingechagua sokoni. Ningechagua mito. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na maji hayo yote yanakwenda Ziwa Nyasa kwa haraka, yakipasua miamba ya volkano. Kiwira hupita chini ya Daraja la Mungu, mwamba ambao maji yenyewe yameuchimba, na wageni hupiga picha pale bila kuchoka. Maji ni baridi, meupe kwa povu, safi kwa macho. Na ni katika maji ya namna hii hasa, yanayokwenda kasi na yenye hewa nyingi, ndimo inzi mdogo mweusi anayeitwa usubi hutaga. Akiuma mtu, huacha minyoo inayozaa mamilioni ya vijidudu chini ya ngozi, mtu akajikuna usiku na mchana kwa miaka mpaka ngozi ikazeeka kabla ya mwenyewe, na vijidudu vikifika machoni, huja upofu. Bonde la Tukuyu, pamoja na Kyela, linafahamika kwa wataalamu kuwa moja ya makao ya ugonjwa huo nchini. Yale maji ya mlimani yanayosifiwa kuwa chanzo cha umri mrefu yamewaibia watu usingizi na macho.

Namna ugonjwa ulivyorudishwa nyuma ndiyo inayonifanya nishikilie hoja yangu. Dawa, ivermectini, ilitokana na bakteria aliyepatikana kwenye udongo wa Japani na mwanasayansi Satoshi Ōmura, ambaye pamoja na William Campbell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 1987 kampuni inayoitengeneza iliahidi kuitoa bure kwa ugonjwa huu. Lakini dawa bure iliyoko ghalani haimponyi mtu wa mtoni. Vilevile haiui mnyoo mkubwa, huua watoto wake tu, na mnyoo huo huweza kuishi zaidi ya miaka kumi mwilini. Kwa hiyo dawa inabidi inywewe kila mwaka, mwaka hadi mwaka, na si na mgonjwa peke yake, bali na karibu kila anayeruhusiwa kuinywa kijijini, kwa sababu usubi hutoa vijidudu kwa asiyemeza na kumpelekea aliyemeza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi hiyo hapa ilikabidhiwa vijiji vyenyewe. Wanakijiji walichagua wenzao, wasio wauguzi, wakafundishwa, wakapita nyumba kwa nyumba na daftari na fimbo iliyowekewa alama, kwa kuwa idadi ya vidonge hukadiriwa kwa urefu wa mtu. Siwezi kufikiria mfano ulio wazi zaidi. Mtu tajiri wa Tukuyu angeweza kununua dawa zake, akala vizuri, akalala mapema, na bado angeumwa na usubi kutoka kwa jirani. Hakuna namna ya kuwa mzima peke yako kwenye bonde lile.

Turudi kwenye chakula, maana sitaki kukidharau. Meza ya Rungwe ni nzuri kweli. Ndizi zilizopikwa na maharage, magimbi, kande, maboga, majani ya kila aina, maziwa mgando, na samaki wanaopanda kutoka Kyela pamoja na mchele wake. Ukiilinganisha na chipsi mayai na soda ya mijini, ushindi ni wa Rungwe bila mjadala. Hata Okinawa ya zamani, kabla ya kubadilika baada ya vita, sehemu kubwa ya chakula chake ilikuwa viazi vitamu, chakula ambacho bibi wa Busokelo wilayani humu asingekishangaa. Lakini tazama jikoni, siyo mezani. Ndizi zilezile hupikwa kwa kuni, ndani, kwa sababu mvua hairuhusu kupika nje miezi mingi ya mwaka na baridi inamvuta kila mtu karibu na moto. Mama na mtoto wa mgongoni hula chakula bora cha wilaya huku wakivuta moshi unaokwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020 kutokana na moshi wa majumbani. Chakula kile kile, nyumba ile ile, na mapafu ya mume aliyekaa barazani hayafanani na ya mkewe. Parachichi inafundisha jambo la jirani na hilo. Inayosafirishwa kutoka hapa huliwa Ulaya na watu wanaotafuta maisha marefu, nami sina neno nao. Ila kama parachichi inaongeza umri wa Mnyakyusa, nadhani huuongeza zaidi kwa bei yake kuliko kwa mafuta yake: ada ya shule, bati, bima, nauli ya kumwahisha mgonjwa hospitali ya Makandana au Igogwe kabla hali haijawa mbaya.

Halafu kuna miguu. Rungwe hakuna tambarare. Kwenda shamba ni kushuka, kurudi ni kupanda na mzigo kichwani, na wazee hawajasamehewa. Hapa sayansi iko upande wa wanaosifu kijiji. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, akakuta kuwa makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo mara chache zaidi kuliko madereva waliokaa. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Karibu nasi zaidi, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wamepimwa na kukutwa wakifanya zaidi ya saa mbili za mwendo wa nguvu kwa siku, na mioyo yao inaonyesha. Bodaboda sasa zimefika hadi vitongoji vya juu, na wapo wanaolalamika kuwa zinawafanya vijana wawe goigoi. Sikubaliani nao kwa urahisi. Bibi anayebeba mkungu wa ndizi kilomita kadhaa kwenda Kiwira hafanyi mazoezi. Anafanya kazi ngumu kwa sababu hana nauli, na magoti yake yanalipa. Mjamzito aliyeshikwa uchungu usiku anaihitaji ile pikipiki kuliko anavyohitaji sifa za kutembea. Swali la maana ni jinsi ya kupunguza mzigo bila kuondoa mwendo, na hilo ni suala la barabara, la masoko kuwa karibu, la maji kufika kwenye mabomba ya mitaa. Hata kutembea kwa afya kunapangwa na wengi.

Jambo ambalo Rungwe ingeweza kuwafundisha wengine liko kwingine, na mgeni mwenye haraka halioni kabisa. Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na kitabu cha Monica cha 1951 kikawafanya Wanyakyusa maarufu duniani kwa desturi ambayo leo imekwisha: vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kumi hivi walijijengea vibanda pembeni ya kijiji cha baba zao, wakakua pamoja, wakaoa, wakazeeka pamoja, kila rika na kijiji chake. Takriban kila baada ya miaka thelathini kulikuwa na sherehe ambapo wazee waliwakabidhi wana wao uongozi wa nchi. Kilichothaminiwa kuliko mali, kwa mujibu wa Wilson, ni ukwangala, kukaa na wenzako wa rika, mkila na kunywa na kuzungumza kama walio sawa. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 2010, Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 308,000, wakakuta kuwa wenye uhusiano imara na watu wengine walikuwa na uwezekano wa kubaki hai mkubwa kwa asilimia 50 kuliko wapweke katika muda waliofuatiliwa. Vijiji vya rika vimekufa, lakini tabia haijafa yote. Ipo kwenye kwaya za Moraviani, vikundi vya kuweka na kukopa, mazoezi ya ngoma, na hasa msibani, ambako mtu huku hukaa siku, si saa. Mzee wa Tukuyu ana kazi nyingi za kuhudhuria. Anajulikana alipo, na asipoonekana, anatafutwa.

Najua pingamizi, na ni zito. Ukaribu huohuo hunywesha pombe. Chungu cha kimpumu ni mahali pa mazungumzo, lakini si kila anayekizunguka huondoka na afya njema. Vijiji vya rika vilikuwa vya wanaume. Wake walikuja kukaa humo kwa masharti ya wengine. Na jirani anayekutafuta usipoonekana ndiye huyohuyo anayeweza kunong'ona kuwa kuishi kwako sana kumekula miaka ya wajukuu zako. Tuhuma za uchawi zimewaua wazee nchini mwetu, wanawake wakiwa wengi, na Nyanda za Juu Kusini hazijasalimika. Siwezi kuusifu ujirani kama dawa bila kusema kwamba umewahi kuwa sumu. Ninachosema ni kwamba nguvu ile ipo hata tukiiacha bila kuielekeza, na mpweke wa mjini aliyejifungia na mashine yake ya mazoezi hajaikwepa, ameikosa tu. Njia ya kuondoa sumu ni kumpa mzee kitu kinachomfanya asiwe mzigo wa kutiliwa shaka. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi matibabu bure kuanzia miaka 60, ahadi nzuri ambayo mara nyingi huishia dirishani pale dawa inapokosekana. Zanzibar ilikwenda mbele zaidi: tangu 2016 kila aliyetimiza miaka 70 hulipwa pensheni ya kila mwezi, awe alikuwa mtumishi wa serikali au mvuvi. Bibi mwenye kipato chake, hata kidogo, anatazamwa kwa jicho jingine na ukoo wake. Bara bado hatujafanya hivyo, na sioni sababu ya kutosha ya kutofanya.

Wapo watakaoniambia kwamba magonjwa ya sasa ni ya mtu binafsi: chumvi, sigara, kitambi, hasira. Utafiti wa taifa wa 2012 ulikuta karibu robo ya watu wazima wana shinikizo la juu la damu na takriban mmoja kati ya kumi na mmoja ana kisukari. Hakuna usubi hapo wa kulaumu. Ni kweli kwamba hakuna atakayeacha sigara kwa niaba yako. Lakini shinikizo la damu haliumi, kwa hiyo anayelitafuta peke yake hulipata amechelewa, upande mmoja wa mwili ukiwa umeshakufa ganzi. Linahitaji kupimwa kwa watu wasiojisikia wagonjwa, mara kwa mara, mahali ambapo tayari wamekusanyika. Rungwe ina mahali hapo. Katika maeneo ya chai, wakulima wadogo hupeleka majani kwenye vituo vya kununulia, hupanga foleni, gunia hupimwa kwenye mizani na kilo huandikwa kwenye kitabu. Mashine ya kupima presha haina uzito wa kuishinda meza ile, na karani anayejua kusoma mizani atajifunza kuisoma kwa siku moja. Ataambiwa kwamba yeye si muuguzi. Waliogawa dawa ya usubi nao hawakuwa.